Kona Moja Tu: Namna ya Kuchagua Gemu ya Mbio za Magari na Kuicheza

Ukiingia dukani kuulizia gemu ya mbio za magari, muuzaji atakutajia idadi: magari 400, njia 90, picha kama sinema. Msikilize kwa adabu, kisha mwombe pedi. Hata magari yakiwa 400, utaendesha moja kwa wakati mmoja, na kinachotenganisha gemu utakayokaa nayo miaka na ile utakayoichoka Jumapili hiyohiyo hakihitaji saa nzima kukijua. Kinakaa kwenye kona ya kwanza inayokulazimisha kushika breki.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chagua gari la kawaida, si lile la bei ya kutisha, na kona moja iliyokaza kidogo. Ipite mara kadhaa mfululizo bila kujali nani yuko mbele. Mara ya kwanza utatoka nje, na hilo halina neno. Unachotafuta ni kilichotokea kabla hujatoka. Je, gari lilikupa habari? Matairi yalilia, pua ikaanza kugoma kuingia ndani, pedi ikatetemeka mkononi? Au lilikuwa limetulia kabisa, mara liko kwenye nyasi? Rudia ukiwahi breki kidogo. Ikiwa safari hii umepita vizuri zaidi, na unaweza kumweleza aliyekaa pembeni kwa nini, basi umeshika gemu ya maana, hata kama picha zake ni za zamani. Ikiwa umepita vizuri na hujui ulichobadilisha, rudisha pedi, shukuru, ondoka.

Sega Rally Championship ya Sega, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990 chini ya Tetsuya Mizuguchi, isingempendeza muuzaji wetu wa idadi. Ilikuwa na magari mawili ya kuanzia, Toyota Celica GT-Four na Lancia Delta, la tatu likiwa limefichwa, na njia nne tu. Lakini gari lilishika kwa namna moja kwenye lami, kwa namna nyingine kwenye changarawe, na lilipotoka huku kuingia kule ulihisi tofauti hiyo kwenye usukani kabla macho hayajaiona. Watu waliirudia njia ileile miaka nenda rudi wakitafuta sehemu ya sekunde.

Gemu iliyolipeleka mbali zaidi wazo hilo la gari linalokupa habari ni Gran Turismo. Ilitoka Japani Desemba 1997 kwa PlayStation ya kwanza, baada ya Kazunori Yamauchi na kikosi chake kidogo kuitengeneza kwa takriban miaka mitano. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ina utamu wa ziada ambao huenda Wajapani hawakuufikiria. Gemu za mwanzo za mfululizo huo zimejaa magari ambayo baadaye yalishushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika: Demio, Chaser, Subaru Legacy, Impreza. Tena unaanza maskini. Unapewa fedha za gemu 10,000, unakwenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika, unachagua kigari chako, unashinda vijizawadi, unabadilisha ekzosi, unabadilisha matairi, unarudi kushindana. Kijana aliyekua akimwona mjomba wake akihangaika na gari lake la mkopo anaielewa hadithi hiyo bila kuelezwa.

Usiruke mitihani ya leseni ya Gran Turismo. Najua inachosha, na wengi huitazama kama kodi ya kulipia raha, lakini humo ndimo gemu yote ilimo. Mtihani wa kwanza hauna hata kona: ondoka, kimbia, simama ndani ya eneo lililochorwa. Baadaye unapewa kona moja. Kisha kona mbili zilizopishana. Kila mmoja unakupa shaba, fedha au dhahabu, na kutoka shaba kwenda dhahabu mara nyingi ni nusu sekunde tu, ambayo utaitafuta jioni nzima. Gran Turismo 7 ya mwaka 2022 bado ina leseni hizo. Ukitaka kujua kama mafunzo hayo yana ukweli ndani yake, tazama waliotoka kwenye shindano la GT Academy, ambalo Nissan na watengenezaji wa PlayStation walilianzisha mwaka 2008 ili kuwatoa wachezaji sebuleni na kuwapeleka kwenye njia za kweli. Mhispania Lucas Ordóñez, mshindi wa kwanza, alimaliza wa pili katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 2011. Mwingereza Jann Mardenborough, aliyeshinda mwaka huohuo wa 2011, ndiye aliyetengenezewa filamu iliyotoka 2023.

Sasa kona yenyewe unaipitaje? Kosa la karibu kila anayeanza ni kufika na moto wote, kisha kushika breki na kukata usukani kwa pamoja. Gari halikati, linakwenda moja kwa moja kama halina usukani. Sababu ni kwamba tairi lina kiasi fulani cha mshiko na hakiongezeki kwa kuwa una haraka. Ni mshahara: ukiumaliza wote kwenye breki, usukani hauna cha kula. Kwa hiyo shika breki gari likiwa bado limenyooka, na ushike kwa nguvu. Uzito wa gari utalala mbele, matairi ya mbele yatabanwa chini na kushika zaidi. Unapoanza kukata, achia breki taratibu, usiiachie ghafla. Ingia kona kutoka upande wa nje, gusa ukingo wa ndani, kisha liache gari lifunguke lenyewe kurudi nje. Mafuta uyakanyage pale tu unapoona njia imeanza kunyooka mbele yako. Ukiyakanyaga mapema kwenye gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, mkia utakupita.

Utaona kama unakwenda polepole. Tazama saa, usitazame hisia zako. Anayeingia kona kwa fujo huonekana ana kasi, lakini aliyeingia taratibu na kutoka mapema anabeba faida yake mpaka mwisho wa barabara iliyonyooka.

Mambo matatu ya kubadilisha kwenye mipangilio kabla hujalaumu mikono yako. Kwanza, ule mstari wa rangi unaochorwa barabarani kukuonyesha pa kupita: uwashe siku ya kwanza, uzime ukishaijua njia, maana ukiuacha utakuwa unaendesha mstari badala ya gari. Tafuta alama zako mwenyewe, bango la mita 100, kivuli cha mti, mwisho wa ukuta. Pili, msaada wa kuzuia matairi yasiteleze, ambao gemu nyingi huuweka juu sana. Upunguze hatua kwa hatua, usiuzime wote siku moja. Tatu, gia. Kama umezoea otomatiki, jaribu gia za mkono kwa wiki moja. Kwa mkono utaweza kushusha gia mapema ukaisikia injini ikikusaidia kupunguza mwendo, jambo ambalo kompyuta hulifanya kwa kuchelewa. Na kidole gumba chako, kwa heshima yote, kisogeze kidogo. Kijiti cha pedi si swichi ya taa. Kona nyingi hazitaki hata nusu ya msogeo wake.

Ukishaiweza lami, nenda kwenye rali, na hapo ndipo mimi ningekushikilia kwa saa nzima kama ungeniruhusu. Rali inakunyima kitu ambacho mbio nyingine zote zinakupa, yaani kuijua njia. Badala yake kuna mwelekezi anayekusomea kona zinazokuja. Katika DiRT Rally ya 2015 na ile ya pili ya 2019, kona nyingi zina namba kutoka 1 hadi 6: moja ni kona iliyokunjika sana, sita ni kama barabara iliyonyooka. Wageni hufanya kosa la kumsikia mwelekezi na kusubiri waione kona kwa macho. Kona anayoisoma sasa ni ya mbele ya hii unayoipita. Lazima uipite moja kwa mikono na kuibeba nyingine kichwani, na siku akili itakapozoea kazi hizo mbili utajikuta unapita msituni usiku kwa kasi ambayo mchana ungeiogopa. Ushauri wangu: cheza gemu za rali kwa spika nzuri au kwa visikilizi, na waombe walioko sebuleni wapunguze mazungumzo. Watakuelewa, au hawatakuelewa.

Kwetu sisi rali ina mlango wa pekee. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na jina hilo limeingia kwenye gemu mara kadhaa. Colin McRae, Mskoti aliyeshinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002, ndiye aliyetoa jina lake kwa mfululizo wa Codemasters ulioanza 1998, na katika Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 Kenya ni mojawapo ya nchi unazoendesha. Kisha Safari ikatoka kwenye mashindano ya dunia kwa miaka mingi. Ilipangwa kurudi 2020, korona ikaizuia, lakini gemu ya WRC 9 ilikuwa imeshaiweka ndani na ikatoka Septemba mwaka huohuo. Watu sebuleni Ufaransa na Japani wakawa wamelipita vumbi la Kenya la kwenye skrini kabla magari ya mashindano ya dunia hayajarudi Naivasha mwaka 2021. EA Sports WRC ya 2023 nayo inayo. Ukitaka kitu chepesi zaidi, art of rally ya mwaka 2020 inakuonyesha gari kutoka juu, kwa rangi tulivu bila makorokoro, na mwaka uliofuata iliongezewa Kenya. Usidanganywe na sura yake ya kitoto. Mkia wa gari kwenye gemu ile una ukweli kuliko gemu nyingi za bei kubwa.

Kwenye njia za Safari, usiendeshe kama uko Finland. Pana mawe, vumbi laini linalomeza tairi, na njia mbili za magurudumu zilizochimbika. Weka mwendo wa kulirudisha gari nyumbani zima. Gemu nzuri za rali huhesabu pancha na uharibifu, na dakika moja ya kubadilisha tairi hula faida yote uliyoichuma kwa ujeuri.

Kama gemu ni ya nyumba nzima, weka kando yote niliyosema na utafute Mario Kart. Ya kwanza ilitoka 1992. Inayopatikana zaidi sasa ni Mario Kart 8 Deluxe ya Nintendo Switch, ya mwaka 2017, ambayo watu wanne wanaweza kucheza kwenye skrini moja. Siri yake ni mgawo wa silaha. Anayeongoza huokota ganda la ndizi. Aliye nyuma kabisa huokota nyota au kombora linalombeba mpaka katikati ya kundi. Wapo wanaosema hiyo ni dhuluma. Mimi naona ndiyo inayowafanya shangazi na mpwa wake wa miaka sita wakae mbio moja bila mmoja kusinzia. Lakini chini ya vurugu hiyo kona ipo palepale. Ukishikilia kitufe cha kuteleza ukiwa unakata, cheche hutoka kwenye matairi, bluu, kisha machungwa, kisha zambarau, na ukiachia unarushwa mbele. Kadiri kona inavyoshikwa kwa muda mrefu ndivyo zawadi inavyokuwa kubwa. Jambo moja la kuangalia: kigari huja na usukani wa kusaidiwa kwa ajili ya watoto, na mtu mzima asiyeuzima hatapata cheche za zambarau kamwe. Wengi hucheza miezi wakishindwa na hawajui kwa nini.

Kuna gemu ambazo kona si roho yake, na ni haki kuzipima kwa kingine. Need for Speed: Most Wanted ya Novemba 2005 ni ya kufukuzwa na polisi. Unaporwa BMW yako kwa hila mwanzoni, kisha unapanda orodha ya madereva 15 mpaka umfikie aliyekuibia. Raha yake ni dakika kumi za kukimbia huku redio ya polisi ikikutaja, wakitandaza miiba barabarani, nawe unatafuta jengo la kuwaangushia. Waliocheza PS2 kwenye mabanda miaka ile hawahitaji kusimuliwa. Tahadhari moja tu: mwaka 2012 ilitoka gemu nyingine yenye jina hilohilo, ya watengenezaji wengine, isiyo na hadithi ile. Si mbaya, ila ukiagiza bila kutaja mwaka utaletewa hiyo, kisha utagombana na muuzaji bure.

Burnout 3 ya 2004 ni wazimu uliopangwa vizuri: unapata nguvu ya kasi kwa kupita upande wa magari yanayokuja, kwa kuponea chupuchupu, na kwa kumgongesha mwenzako ukutani. Gemu inakulipa kwa kuhatarisha, na hesabu hiyo ni wazi tangu dakika ya kwanza. Mwendo huo ubaki kwenye skrini.

Kwenye simu, uwanja umejaa takataka zenye picha nzuri. Kabla ya kupakua, tazama ukubwa wake, maana gemu kubwa ikimaliza bando bado itadai nyongeza. Hill Climb Racing ya Fingersoft kutoka Finland, iliyotoka 2012, ni ndogo, haihitaji intaneti ukishaiweka, na ina pedeli mbili tu, mafuta na breki. Inaonekana mzaha. Ukiwa hewani, mafuta yanainua pua ya gari na breki inaishusha, na kwa pedeli hizo mbili utajifunza juu ya uzito wa gari kuliko katika gemu tano za kung'aa. Asphalt ni kinyume chake, tamasha la kuruka na moto, na raha ipo, ila ina mfumo wa kukuongozea gari wenyewe. Ingia kwenye mipangilio uuzime, la sivyo wewe ni abiria. Na gemu yoyote inayokusubirisha saa kadhaa ili gari lako litengenezwe, isipokuwa ukilipa, ifute.

Kabla hujatoa hela, mambo ya mwisho. Uliza kama gemu inachezeka bila intaneti. Sehemu kubwa ya Gran Turismo 7 inataka mtandao hata ukicheza peke yako, na Machi 2022, wiki mbili tu baada ya kutoka, seva zake zilizimika kwa zaidi ya saa 30 na waliolipa wakabaki kutazama menyu. The Crew ya Ubisoft ilikuwa mbaya zaidi: seva zilifungwa mwaka 2024, na hata mwenye diski mkononi hakuweza tena kuicheza. Unakoishi umeme na bando vikiwa vya kubahatisha, gemu ya zamani inayokaa yote kwenye diski ni mali ya uhakika kuliko mpya.

Angalia pia televisheni. Nyingi za kisasa hupamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo huchukua muda. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa gari linatembea karibu mita 56 kwa sekunde, kwa hiyo televisheni inayochelewa sehemu ya kumi ya sekunde inakuonyesha mahali gari lilipokuwa mita tano na nusu nyuma. Ingia kwenye menyu ya picha, weka hali ya gemu, kisha rudia kona yako. Kwa sababu hiyohiyo, gemu ikikupa kuchagua kati ya picha nzuri zaidi na picha 60 kwa sekunde, chagua 60. Kwa picha 30, kwa mwendo huo, gari linaruka karibu mita mbili kati ya picha na picha, na breki nzuri hupotea humo.

Usukani wa gemu ununue mwisho, ukishajua kwamba utacheza. Logitech G29 huzunguka nyuzi 900 kama usukani wa gari halisi na hukurudishia nguvu mkononi, ila ni wa PlayStation na kompyuta. Mwenye Xbox anahitaji ndugu yake, G920. Ukiuchukua wa mtumba, uzungushe mpaka mwisho pande zote mbili usikilize kama unakwaruza, kanyaga breki uone kama inarudi, na uende na kipimo cha unene wa meza yako, kwa sababu vishikio vyake havibani kila meza, na usukani usiobanwa utauendesha pamoja na meza.